Karatasi Tatu: Kisa cha Ndugu Aliyeomba Kufunguliwa

Ndugu ninayemzungumzia hapa ameniruhusu kuandika kisa chake kwa sharti moja: kisionekane chochote kinachoweza kumtambulisha yeye wala mwenzake. Nimelishika sharti hilo. Yaliyobaki nimeyaandika kama yalivyokuwa, pamoja na makosa yangu mimi niliyekuwa mlezi wake wa kiroho, kwa kuwa makosa hayo ni sehemu ya kisa.

Alipokuja kwangu alikuwa na miaka sita tangu aokoke. Aliongoza kikundi cha kujifunza Biblia, alikuwa mtu wa kufunga na kuomba, na Maandiko aliyajua kuliko wengi waliomtangulia. Shida aliyoileta ni kwamba hana amani. Anashtuka usingizini saa tisa za usiku, moyo unadunda. Mahubiri yakigusa habari za haki au uaminifu, viganja vinatoka jasho. Alikwishaombewa na watumishi watatu kwa nyakati tofauti. Mmoja alimwambia ni roho ya hofu, mwingine akasema ni laana ya ukoo. Kila alipoombewa alipata nafuu siku mbili tatu, kisha hali ikarudi palepale.

"Mwalimu," akaniambia, "niombee nifunguliwe. Nahisi kuna kitu kimenifunga."

Kitu kilikuwepo kweli. Naye alikijua kwa tarehe yake na kwa tarakimu zake.

Mzigo niliomwongezea

Sikumuuliza kitu. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na linaniuma hadi leo. Nilimpangia mfungo wa siku saba, nikampa aya za kukariri kuhusu hofu, nikamwekea ratiba ya kusoma Zaburi asubuhi na jioni. Akatekeleza yote. Baada ya wiki nne aliniletea daftari lenye alama ya vema kwenye kila siku, bila siku hata moja kurukwa, na macho yake yalikuwa mekundu kuliko siku ya kwanza.

Nilipaswa kuushtukia ukamilifu ule. Mtu anayekimbia jambo moja anaweza kutii mambo mia kwa furaha, mradi asiguswe pale. Sauli alimlaki Samweli kwa maneno, "Nimeitimiza amri ya Bwana," na Samweli akamuuliza maana ya kilio cha kondoo alichokuwa akikisikia masikioni mwake. Sauli alikuwa na majibu mazuri: kondoo wale ni wa dhabihu. Daftari la ndugu yangu lilikuwa dhabihu ya namna hiyo, na mimi ndiye niliyemwelekeza aichinje.

Jambo lilijitokeza bila mimi kulitafuta. Aliniletea somo alilokuwa akiliandaa kwa kikundi chake, kutoka Mathayo 5, nilipitie. Maelezo yake ya aya ya 21 na 22 yalikuwa kamili. Kisha akaingia aya ya 25. Nikamuuliza kwa nini ameruka 23 na 24, pale Bwana anaposema ukileta sadaka madhabahuni na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane naye.

Alinyamaza muda mrefu, hata nikadhani hakunisikia. Kisha akasema, "Nikiifundisha hiyo, Mwalimu, nitakuwa mnafiki."

Ndipo akasimulia. Miaka tisa iliyopita, kabla hajaokoka, alisababisha upungufu wa mali kazini kwake. Ili aufunike, alibadilisha tarakimu kwenye leja ya stoo. Wakaguzi wa hesabu walipokuja, lawama ikamwangukia kijana aliyekuwa akishika ufunguo. Ndugu yangu naye aliitwa akaulizwa kama ana lolote analolijua. Akajibu neno moja: "Sijui." Kijana akafukuzwa, akakaa miezi kumi bila kazi, na jina la wizi likamfuata.

"Lakini nilishatubu"

Hapa pana uzito wa kisa chote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Alipomaliza kusimulia alinitazama usoni akasema, "Lakini hili nilishalitubu, tena mara nyingi. Damu ya Yesu imenisafisha. Ya kale yamepita. Si ndivyo?"

Ndivyo. Sitaki msomaji yeyote atoke hapa akidhani kwamba msamaha wa Mungu hulipiwa kwa awamu. Bwana alimwambia Zakayo, "Leo imenipasa kushinda nyumbani mwako," kabla Zakayo hajataja kurudisha chochote. Neema iliingia mlangoni kwanza, na ile ahadi ya kurudisha mara nne ikafuata kama tunda lake. Lakini angalia ndugu yangu alivyokuwa akilitumia neno lile, "ya kale yamepita". Kwake lilikuwa limepita. Kwa yule kijana halikuwa limepita hata siku moja. Toba yake ilikuwa ya kweli mbele za Mungu kwa kadiri alivyoifahamu, ila ilikuwa imefungiwa chumbani pamoja naye.

Yohana 8 inanukuliwa sana, na mara nyingi inakatwa katikati. Watu husema, "Mtaifahamu kweli, nayo hiyo kweli itawaweka huru," wakaishia hapo, kana kwamba kuijua tu kunatosha. Sentensi inaanzia nyuma kidogo: "Ninyi mkikaa katika neno langu, mmekuwa wanafunzi wangu kweli kweli, tena mtaifahamu kweli." Kukaa kunatangulia, kisha uanafunzi, kisha kufahamu, na uhuru uko mwisho wa safari hiyo. Sura moja nyuma Bwana alikwisha kusema kwamba mtu akipenda kuyatenda mapenzi ya Mungu, ndipo atajua habari ya yale mafunzo. Kutenda kunafungua kujua. Sisi walimu wa Biblia tunapenda mpangilio ulio kinyume: tujue yote kwanza, kutenda tutaona mbele ya safari.

Tena maneno yale hayakusemwa kwa wapinzani. Aya ya 31 inasema aliwaambia Wayahudi waliomwamini. Jibu lao likawa, "Hatujawa watumwa wa mtu ye yote wakati wo wote." Walilisema hilo katika nchi iliyotawaliwa na Rumi, wao wazao wa watu waliotoka Misri na waliopelekwa Babeli. Sura inaisha wakiwa wameokota mawe. Hiyo ndiyo ramani ya moyo wa mtu aliyeguswa mahali anapopaficha: hukana kwanza, na ukizidi kumsogelea hukasirika. Ndugu yangu hakuokota jiwe, lakini kwa wiki nzima baada ya mazungumzo yale hakupokea simu zangu.

"Kila atendaye dhambi ni mtumwa wa dhambi." Kiswahili kimeibeba vizuri maana ya Kiyunani pale: atendaye, anayeendelea kutenda. Nikamuuliza ndugu yangu, dhambi ya leja ilitendeka lini? Akataja mwaka. Nikamuuliza, na ile "sijui"? Akafikiri, akasema, "Hiyo naitenda kila siku." Kila mwaka uliopita kijana yule akiitwa mwizi, yeye alikuwa akilisema upya neno lile kwa kunyamaza. Agustino, mwalimu wa kanisa la kale aliyeongoka Milan mwaka 386, aliueleza mnyororo wa namna hii kwa habari ya maisha yake mwenyewe: nia iliyopotoka huzaa tamaa, tamaa ikitumikiwa huwa mazoea, na mazoea yasipopingwa huwa lazima. Ndugu yangu alikuwa amefika kwenye lazima. Alikuwa na njia maalumu za kupita ili asikutane na watu wa idara ile ya zamani. Simu yake aliilaza kifudifudi mezani nyakati zote. Mwenyewe aliviona vitu hivyo kuwa tabia tu.

Nafuu iliyotaka kumpoteza

Usiku ule aliponisimulia alilala hadi asubuhi, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Sote wawili tukamshukuru Mungu. Na hapo ndipo tulipokaribia kuharibu kila kitu.

Kuungama mbele yangu kulimpa nafuu ya kutosha kuendelea kukaa na deni. Wiki tatu zikapita. Alikuwa mchangamfu, aliomba kwa sauti, hata akaanza kusema kwamba amewekwa huru. Nami sikutaka kumsumbua. Kisha saa tisa za usiku zikarudi, kali kuliko zamani, na safari hii hakuweza tena kuisingizia laana ya ukoo.

Kuisema kweli ni mlango. Mtu akisimama mlangoni anapata hewa, lakini bado yuko ndani. Yakobo anasema tuungamiane dhambi na kuombeana tupate kuponywa, na mtu huyohuyo katika sura ya kwanza anasema anayesikia neno asilitende ni kama mtu anayejiangalia uso katika kioo, akaenda zake, mara akasahau alivyo. Neno la Kiyunani linalotafsiriwa utii, *hupakoe*, limejengwa juu ya kitenzi cha kusikia. Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuhitaji kufundishwa hilo. Tunaposema "mtoto huyu hasikii", hatumaanishi kwamba masikio yake ni mabovu.

Karatasi tatu

Tukakubaliana aende kwanza kwa mwenzake, yule kijana aliyefukuzwa, kama Mathayo 5 inavyoagiza, kisha amwandikie mwajiri. Nilimtaka pia amwone mwanasheria kabla ya kuandika, kwa kuwa jambo lilihusu kumbukumbu za hesabu. Sioni kwamba utii unamdai mtu aende kipofu.

Barua aliiandika kwanza, ingawa ingepelekwa mwisho. Alitaka, alisema, ayaone maneno yake kabla hajayatamka. Karatasi ya kwanza ilisomeka hivi: "Katika kipindi hicho kulitokea mchanganyiko wa hesabu, na kwa bahati mbaya mwenzetu akaathirika."

Niliisoma mara mbili. Nikampa kalamu nikamwomba apige mstari chini ya kila neno linaloonyesha nani alifanya nini. Hakupata la kupigia mstari.

Lugha yetu ni karimu mno kwa mtu anayejificha. Kikombe kimevunjika. Fedha zimepotea. Karatasi zimechanganyika. Unaweza kuzungumza siku nzima mambo yakijitokea yenyewe bila mkono wa mtu. Haruni alikuwa bingwa wa sarufi hii: alipoulizwa habari ya ndama, alisema wale watu walimpa dhahabu, "nami nikaitupa ndani ya moto, akatoka ndama huyu". Ndama alitoka! Na Adamu kabla yake, alipoulizwa, alimtaja mwanamke, na Mungu aliyempa mwanamke, ndipo mwisho kabisa akafika kwenye "nikala".

Karatasi ya pili: "Tarakimu za leja zilibadilishwa, nami sikusema nilichokijua." Hapa alikuwa ameanza kuonekana, lakini tarakimu bado zilibadilishwa na mtu asiye na jina.

Ya tatu aliiandika siku nne baadaye, peke yake, akaniletea imekunjwa. "Nilibadilisha tarakimu za leja kwa mkono wangu. Nilipoulizwa, nilisema sijui. Nilikuwa najua. Aliyefukuzwa hakuwa na kosa." Mwandiko wa mistari ile ulikuwa tofauti na wake wa kawaida, umekandamizwa hadi kalamu imetoboa karatasi kwenye neno *najua*.

Nimeona watu wengi wakilia madhabahuni. Sidhani nimewahi kuona kazi ya Roho Mtakatifu waziwazi kama nilivyoiona kwenye viambishi vile vya ni-. Daudi anaposema Mungu anapendezwa na kweli iliyo moyoni, nadhani anasema habari ya kweli yenye mtendaji, siyo mafundisho ya jumla kuhusu udhaifu wa binadamu. Ndugu yangu alikuwa amekiri miaka sita kwamba "sisi sote ni wakosaji". Haikumfungua hata kidogo, kwa sababu haikuwa habari yake.

Aungame mbele ya nani?

Aliniuliza kama asimame mbele ya kusanyiko zima. Hili wengi hulikosea pande zote mbili.

Katika Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka kutoka Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930, ndugu waliungama mbele ya wenzao waziwazi, wakarudisha vitu walivyoviiba, na walikuita kutembea nuruni. Ulikuwa moto wa kweli. Dietrich Bonhoeffer naye, mchungaji Mjerumani, katika chuo cha wachungaji cha Finkenwalde alichokiongoza tangu 1935 hadi kilipofungwa na polisi wa utawala wa Hitler mwaka 1937, aliwahimiza wanafunzi wake waungame kwa ndugu mmoja mmoja kwa faragha. Sioni haja ya kuchagua mmoja dhidi ya mwingine. Kipimo ninachokitumia ni ukubwa wa jeraha: maungamo yafike kila lilipofika kosa, yasipite hapo. Mwenzake, mwajiri, na wazee wa kanisa waliomkabidhi kikundi, hao walihusika. Washirika mia kadhaa wasiomjua kijana yule wangepata habari ya kusimulia tu, na jina la kijana lingetembezwa tena bila ridhaa yake.

Yule mwenzake

Sikwenda naye. Alinisimulia jioni ileile.

Mwenzake alimsikiliza wakiwa wamesimama wote wawili, hakumkaribisha kuketi. Alipomaliza, kulikuwa kimya. Kisha yule mtu akasema, "Baba yangu amekufa akijua amezaa mwizi."

Hakuna andiko la kulijibu neno hilo, na ninamshukuru Mungu kwamba ndugu yangu hakulitafuta. Hakusema "naomba unisamehe" kwa mara ya pili. Alisema, "Ndiyo. Nimefanya hivyo." Kisha akaeleza alichokusudia. Alikuwa amesoma Hesabu 5, ambako mwenye hatia huungama, hurudisha kamili, na kuongeza sehemu ya tano. Mshahara wa miezi kumi iliyopotea, na sehemu yake ya tano, ni miezi kumi na miwili. Angelipa kidogo kidogo kwa miaka miwili.

Mwenzake hakuonekana kujali. Alisema, "Pesa utaleta. Kwanza nenda kamwambie mama."

Hilo halikuwa kwenye mpango wetu. Nimelitafakari sana. Mimi na ndugu yangu tulikaa tukapanga utii wake kwa hesabu nzuri za Torati, na aliyekosewa akaomba jambo tusilolifikiria, jambo dogo kwa gharama na zito kuliko miezi kumi na miwili. Tunaolea wengine tujihadhari hapa. Anayejua deni kamili ni aliyekosewa.

Alikwenda. Mama yule alikuwa mzee na masikio yamepungua nguvu. Ndugu yangu akasimulia yote kwa sauti ya chini kwa aibu, na alipomaliza mama akasema, "Sijasikia. Nani alibadilisha?"

Ikambidi aseme kwa nguvu, na watu wa nyumbani wakisikia: "Ni mimi, mama. Mwanao hakuiba. Ni mimi."

Mama akamtaka arudie mara ya tatu. Akarudia.

Uhuru ulionekana wapi

Mwajiri alimwita. Alishushwa cheo na kupewa onyo la maandishi. Wazee wa kanisa walimpumzisha uongozi wa kikundi, naye akakaa miongoni mwa wanafunzi wake wa jana akiwa na daftari kama wao. Kwa kipimo cha watu, alikuwa amepoteza.

Nilimuuliza, wakati ule wa kuhojiwa ofisini ulijisikiaje? Akasema jambo la ajabu lilikuwa kwamba hakuandaa majibu. Miaka tisa alikuwa akiishi na majibu yaliyoandaliwa: fulani akiniuliza hivi nitasema vile. Siku ile aliulizwa maswali kwa zaidi ya saa moja na kila mara alijibu kilichokuwepo, kwa kuwa hakikuwepo kingine cha kulinda. "Nilikuwa nimechoka, Mwalimu," alisema, "na sikujua kwamba ile ni kazi."

Usingizi ulirudi taratibu, siyo kwa usiku mmoja. Simu sasa hulala mezani uso juu.

Sitaki kisa hiki kitumike kuwapiga watu. Si kila asiyelala ana leja aliyoibadilisha. Kuna huzuni, kuna ugonjwa unaohitaji daktari, kuna watu waliotendewa vibaya wanaobeba aibu isiyo yao. Sura ya tisa ya Yohana, inayofuata ile niliyoitaja, inaanza na wanafunzi wakiuliza nani aliyetenda dhambi hata mtu huyu akazaliwa kipofu, na Bwana anajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Mtu akija kwangu leo bila amani, siendi kumchimba. Ninamuuliza tu kama kuna jambo ambalo Bwana amekwisha kumwambia naye bado hajalifanya. Akisema hakuna, ninamwamini, na tunatafuta kwingine. Mfungo wa siku saba nimeuacha.

Malipo yamebaki ya miezi mitano. Kila mwezi anayapeleka mwenyewe kwa mkono, kwa ombi la mwenzake. Mwenzake huyapokea mlangoni, huhesabu, huitikia kwa kichwa. Neno la kusamehe hajalisema. Mwezi uliopita, kwa mara ya kwanza, alimwambia aingie aketi, mama anataka kumsalimu.